Mfuko wa Chakula cha Mbwa Husomwa Mgongoni

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa kwenye agroveti moja pale Uthiru, nimeenda kumnunulia mbwa wangu Simba chakula. Gunia lilisimama mlangoni, mdomo wake umekunjwa kwa nje kama kola ya shati. Mama mwenye duka akachota kwa gorogoro, akasawazisha juu kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko wa kaki. Nikamwomba anionyeshe kile kikaratasi kinachoshonewa kwenye mdomo wa gunia, chenye maelezo ya kiwanda. Akainama chini ya kaunta, akainuka na vikaratasi vitatu, viwili vya kijani na kimoja cheupe.

“Ni kimoja kati ya hivi, mama,” akaniambia. “Lakini hiki ndicho chakula wateja wa hapa huchukua, na hakuna aliyewahi kurudisha.”

Simlaumu. Anahudumia kuku, ng'ombe, nguruwe na mbwa wa mtaa mzima kutoka chumba kimoja, na gunia likishafunguliwa, uzi na karatasi huenda pamoja kwenye takataka. Ila pale pale ndipo kilipopotea kila kitu ambacho ningeweza kukijua kuhusu chakula kile: kimetengenezwa mwezi gani, kina mafuta kiasi gani, kinamfaa mbwa mzima au mtoto. Nilibaki na rangi, harufu na bei. Hivyo ndivyo mbwa wengi wa Nairobi wanavyonunuliwa chakula, Kawangware hadi Kayole. Wanaochukua mifuko inayong'aa kwenye supamaketi za Westlands na Karen nao hawajawaacha mbali, maana wengi husoma upande wa mbele tu, palipo na picha ya mbwa mwenye manyoya yanayometameta na mnofu mwekundu ambao ndani haumo.

Ninachosema ni kwamba chakula cha mbwa hupimwa kwa maandishi ya mgongoni mwa mfuko, kwa kalamu na karatasi, na kwa maswali ambayo kiwanda kinawajibika kuyajibu. Na lile swali moja ambalo kila mnunuzi huuliza, “kina protini ngapi?”, ndilo rahisi zaidi kujibiwa kwa namba isiyo na maana.

Mwaka 1883 mwanakemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alitoa njia ya kupima nitrojeni kwenye nafaka, na hadi leo viwanda vinaitegemea. Maabara haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni, kisha inazidisha mara 6.25, kwa kuwa protini ya kawaida ina nitrojeni ya karibu asilimia 16. Jibu linaandikwa kwenye lebo kuwa “protini ghafi”. Kwa hiyo chochote chenye nitrojeni huingia kwenye hesabu: nyama na dagaa, ndiyo, lakini pia manyoya ya kuku yaliyosagwa, kwato na ngozi. Manyoya yana protini nyingi ajabu kwenye karatasi, ila tumbo la mbwa haliwezi kuyavunja yasipopikwa kwanza kwa mvuke na shinikizo. Urea, mbolea ile ile tunayoweka kwenye mahindi, ikipimwa hivi hutoa “protini” ya asilimia 287. Ng'ombe anaweza kuitumia kidogo kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake huigeuza protini. Mbwa hawezi.

Udhaifu huu umewahi kuua. Machi 2007, huko Marekani na Kanada, mamilioni ya makopo na pakiti za chakula cha mbwa na paka yaliondolewa madukani baada ya wanyama kuanza kufa kwa figo. Gluteni ya ngano, yaani protini yake, iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali inayotengenezewa sahani za plastiki ngumu. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni. Piga hesabu uone kishawishi chenyewe: gramu 10 tu katika kilo moja ya chakula hupandisha protini ya kwenye karatasi kwa zaidi ya asilimia 4, bila mbwa kupata hata chembe ya lishe. Mwaka uliofuata melamini hiyo hiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto huko China.

Kwa hiyo ninaposoma “protini asilimia 24” huwa nashuka moja kwa moja kwenye orodha ya viungo kutafuta ilikotoka. Hapo pana mtego mwingine. Viungo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi karibu asilimia 70 yake ni maji. Kiwanda kikitia kilo 30 za kuku mbichi na kilo 25 za mahindi, kuku ndiye atakayeandikwa wa kwanza. Maji yakishaondoka, kuku anabaki kilo 9 hivi na mahindi kilo 22. Wengine huyagawa mahindi yenyewe mara tatu, mahindi, pumba za mahindi, gluteni ya mahindi, kila moja lisimame chini ya nyama ilhali kwa jumla yanaizidi mbali. Na penye maneno “nafaka na mazao yake, nyama na mazao yake” basi, hujaambiwa kitu. Mchanganyiko wa Januari unaweza kuwa mbali kabisa na wa Juni na maneno yakabaki yale yale.

Nisieleweke vibaya kuhusu mahindi. Kuna dhana, hasa kwa wanaonunua vyakula vya bei kubwa kutoka nje, kwamba nafaka ni uchafu wa kujazia mfuko na mbwa ni mbwamwitu aliyefungwa mnyororo. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Amekaa jikoni kwetu maelfu ya miaka na mwili wake umezoea. Vile vyakula visivyo na nafaka vilivyojazwa dengu na njegere badala yake ndivyo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuvichunguza Julai 2018, kwa kushuku kwamba vinahusiana na ugonjwa wa moyo kutanuka. Mimi sioni sababu ya kulipia zaidi ili mahindi yasiwemo.

Muhimu ni mahindi yaive. Vile vipande vikavu hupikwa kwa joto na mvuke kwenye mashine hadi wanga unavimba, na wanga uliovimba ndio mbwa anaoumeng'enya. Unga wa mbwa unaouzwa kwa gorogoro mara nyingi ni mbichi. Usipoupika, sehemu kubwa inapita tu, na utaiona kesho yake uani. Nimewaona walinzi wa usiku wakiukoroga kwa maji ya moto ya thermosi, dakika mbili, tayari. Ule haujaiva. Tungejipikia ugali namna hiyo tungeumwa tumbo nyumba nzima.

Sasa hesabu ninayoifanya nyumbani, kwa kalamu. Chukua mifuko miwili ya chakula kikavu. Wa kwanza, tuuite wa bei rahisi: protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 7, unyevu 12, majivu 10. Majivu si jivu la jikoni, ni madini yanayobaki chakula kikichomwa maabara. Jumlisha, toa kwenye 100, kinachobaki ni wanga: 47. Wa pili: protini 26, mafuta 15, nyuzinyuzi 3, unyevu 10, majivu 7, na wanga unabaki 39. Kila gramu ya protini au wanga humpa mbwa karibu kalori 3.5, na gramu ya mafuta 8.5. Kwa hiyo kilo moja ya mfuko wa kwanza ina kalori 2,785 hivi, na ya pili 3,550. Mbwa mzima wa kilo 25 asiyefanya kazi nzito huhitaji kalori kama 1,250 kwa siku. Atakula gramu 450 za chakula cha kwanza, au gramu 350 za cha pili.

Weka bei sasa, za kukisia tu kwa ajili ya mfano: shilingi 150 kwa kilo, na shilingi 250. Dukani, cha pili kinaonekana kimemzidi mwenzake kwa theluthi mbili. Kwenye bakuli ni shilingi 67 kwa siku dhidi ya 88, yaani tofauti ya shilingi 21, chini ya theluthi moja. Na hapo sijagusa kwamba chakula chenye nyuzinyuzi na majivu mengi humeng'enywa vibaya zaidi, kwa hiyo ile gramu 450 haitoshi na pengo linazidi kuwa dogo. Bado cha kwanza kinaweza kuwa rahisi zaidi, na mwenye kipato kidogo ana haki ya kukichagua. Ninachotaka ni achague akijua bei ya siku, maana mbwa hula kila siku, hamalizi kilo moja kwa mkupuo.

Kwa chakula cha kopo hesabu hii haifai bila kuondoa maji kwanza. Kopo lenye protini asilimia 8 na unyevu asilimia 78 linaonekana maskini. Gawanya 8 kwa 22 inayobaki baada ya maji: lina protini asilimia 36 ya ukavu wake. Mfuko mkavu wenye 22 na unyevu 10 una 24 tu. Viwango vinavyotumika sana duniani, vile vya Marekani vya AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia chakula cha wanyama, hudai angalau asilimia 18 ya protini kwa ukavu kwa mbwa mzima, na 22.5 kwa mtoto na kwa jike anayezaa au kunyonyesha.

Kuhusu watoto wa mbwa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona maumivu kwa macho yangu. Jirani yangu alinunua mtoto wa German shepherd, akamlea kwa mapenzi yote, ugali na mapafu kutoka machinjio ya Dagoretti kila siku, shibe isiyo na kasoro. Alipofika miezi minne miguu ya mbele ilikuwa imepinda kama upinde, anatembea kwa kifundo. Nyama na mapafu vina fosforasi mara kumi na zaidi ya kalsiamu, na mahindi hayasaidii. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula huichukua kwenye mifupa yenyewe. Jirani akashauriwa na rafiki amwongezee unga wa madini ya ng'ombe, akaongeza kwa kijiko cha kulia chakula, siku baada ya siku. Hilo nalo ni balaa, kwani mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa inakua vibaya kwa njia nyingine. Uwiano unaotakiwa ni kalsiamu sehemu moja hadi mbili kwa fosforasi sehemu moja, na kwa watoto wa mbwa wakubwa kalsiamu isizidi asilimia 1.8 ya ukavu. Huwezi kuupata kwa kijiko na kubahatisha. Hii ndiyo sababu halisi ya kununua chakula cha kiwandani kilichoandikwa kwamba ni kamili kwa mbwa anayekua, na ndiyo sababu mfuko usiotaja umri wa mbwa wala kalsiamu yake siununui kabisa kwa ajili ya mtoto.

Linaloninyima usingizi, lakini, ni sumukuvu. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa aflatoksini, ile sumu inayoachwa na kuvu kwenye mahindi, ni nini. Mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiongoza kwa vilio, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa ugali. Machi 2021 serikali ikazuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Kikomo cha chakula cha binadamu nchini ni sehemu 10 kwa bilioni.

Sasa jiulize: mahindi yaliyozidi kikomo yakikataliwa langoni mwa kinu, huenda wapi? Hayayeyuki. Yana mwenyewe, na mwenyewe ana deni la lori. Pia, nafaka inapokobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye maganda na kiini, yaani kwenye pumba. Unga mweupe ukienda mezani kwetu umepunguziwa sumu, na pumba zilizobeba sehemu kubwa ndizo zinazoingia kwenye chakula cha mifugo, cha mbwa kikiwemo. Joto la kupikia haliiui. Mbwa naye ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi, na tofauti na sisi tunaobadilisha leo ugali kesho wali, yeye hula gunia lile lile mwezi mzima. Likiwa na sumu, anaimeza asubuhi na jioni.

Marekani, penye maabara kila kona, mwishoni mwa 2005 zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha kiwandani chenye aflatoksini, na mwishoni mwa 2020 ikatokea tena kwa kampuni nyingine, zaidi ya mbwa 110. Kule walihesabiwa. Kwetu mbwa akifa huku ufizi na macho vimegeuka manjano, wengi husema amelishwa sumu na wezi, akazikwa nyuma ya banda, na gunia likaendelea kuchotwa. Mbwa anayekataa chakula alichokizoea, akalegea, akatapika na kukojoa rangi ya chai ya rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na ubebe chakula chenyewe pamoja na kile kikaratasi. Maabara kuu ya mifugo ya serikali iko hapa hapa Kabete. Bila nambari ya bechi, yaani ya toleo moja la kiwandani, daktari atajua mbwa ameumwa nini lakini hatajua ni magunia mangapi mengine yako madukani.

Ndiyo maana naona kuuza kwa kuchota, bila karatasi, ni tatizo kubwa kuliko ubora wa chapa yoyote. Gunia lililo wazi mlangoni hunyonya unyevu wa Julai, na kuvu hupenda unyevu. Mafuta nayo huoza kwa hewa na mwanga. Utayajua kwa harufu ya kikaango kilicholala siku tatu au ya rangi ya mafuta ya ukutani. Ukinunua mfuko mzima, uache chakula ndani ya mfuko wake na uuingize mfuko kwenye ndoo yenye kifuniko. Usikimimine kwenye ndoo, mabaki ya mafuta ya mwezi uliopita yataharibu ya mwezi huu, na utakuwa umeitupa tarehe.

Baada ya haya yote mbwa mwenyewe naye anasomeka. Mpapase mbavu: uzihisi chini ya vidole bila kubonyeza, lakini usizihesabu kwa macho ukiwa mbali. Angalia kinyesi. Simba alipokuwa akila unga wa gorogoro nilikuwa nikizoa koleo mbili kila asubuhi, laini, rangi ya pumba. Nilipombadilishia, polepole kwa siku saba, nikichanganya cha zamani na kipya, ikawa nusu ya hapo na kavu. Kilichopungua uani ndicho kilichoingia mwilini.

Jumatatu niliamua kuvipigia simu viwanda viwili ambavyo nambari zao zilikuwa kwenye vile vikaratasi vya mama wa agroveti. Niliviuliza maswali yale yale matatu: kilo moja ina kalori ngapi, protini inatoka kwa mnyama gani au mmea gani, na bechi hii ilipimwa aflatoksini ikaonyesha ngapi. Cha kwanza kikaniambia hizo ni siri za kampuni na kikanishauri nitazame alama ya KEBS. Alama naiheshimu, na nambari ya kibali chake naituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuhakikisha si ya bandia. Lakini alama haiwezi kunieleza gunia hili moja lilipimwaje.

Cha pili kiliniunganisha na kijana wa maabara. Akaniomba nambari ya bechi, nikamsomea kutoka kwenye kikaratasi cheupe, akaniambia, “Nipe dakika chache, mama, nifungue kitabu.” Nikasikia kurasa zikipinduliwa. Akarudi na majibu yote matatu, ya aflatoksini yakiwa chini ya kikomo chetu cha mahindi ya binadamu, na tarehe ambayo sampuli ilichukuliwa. Nilimuuliza kwa nini wasichapishe namba ile kwenye kikaratasi ikiwa tayari wanayo kitabuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakuna mteja aliyewahi kuiulizia.

Jioni nilirudi Uthiru na kikaratasi cheupe nikamwambia mama ni cha gunia lipi ningependa anunue tena, na kwamba nitachukua zima, lililoshonwa.